Hina ya Kiganja na Kovu la Bega

Siku ya tatu baada ya harusi ya dada yangu mdogo, Unguja, mpwa wangu wa miaka tisa alinifuata jikoni akiwa amekunjua viganja mbele yake kama mtu anayeomba dua. Hina yake ilikuwa imekolea. Usiku wa kupakwa ilikuwa na rangi ya chungwa tu. Sasa ilikuwa imeiva, karibu na rangi ya kahawa. Lakini mwenyewe alikuwa amenuna.

"Shangazi, leo nimeoshwa vyombo mara mbili. Hina yangu itatoka?"

"Umeosha vyombo," nikamsahihisha. "Na hina itatoka, ila si sabuni itakayoitoa."

"Sasa itatolewa na nini?"

Sikumjibu. Nilimpandisha mkono wa gauni mpaka begani, nikamwonyesha kovu lake dogo la mviringo, lile la chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa akiwa kichanga. Wewe unayesoma huenda unalo pia, begani au mkononi, maana watoto wengi wa Afrika Mashariki huchomwa chanjo hiyo ya BCG mara tu wanapozaliwa.

"Hili lina miaka tisa. Umelisugua kwa dodoki kila siku. Limepungua?"

Alilitazama kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Halijapungua.

"Haya. Hina ulikaa nayo usiku kucha, mikono juu, hata kujikuna pua ulimwomba mtu. Sindano ilikugusa kidogo tu. Ya usiku kucha haimalizi mwezi, ya mara moja utazeeka nayo. Kwa nini?"

Akaivuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia. Nikajua nazi ya mchana ule haitakunwa mapema.

Tukiitazama ngozi kwa macho tunaona kitu kimoja, kama turubai lililofunika mwili. Chukua kipande chake chembamba ukiweke chini ya hadubini, turubai linageuka jengo la ghorofa. Juu kuna ngozi ya nje, ambayo wataalamu huiita epidemisi. Sehemu nyingi za mwili unene wake ni kama wa karatasi ya daftari, na kwenye kope ni nyembamba zaidi. Chini yake kuna ngozi ya ndani, demisi, iliyo nene na yenye shughuli nyingi: mna mishipa ya damu, neva, tezi za jasho na mashina ya nywele. Chini kabisa kuna akiba ya mafuta, godoro la mwili. Kipimo chake ni rahisi. Ukikwaruzwa na mwiba ukaona mstari mweupe usio na damu, mwiba uliishia kwenye epidemisi, kwa kuwa huko hakuna mshipa hata mmoja wa damu. Damu ikitoka, jua umeshuka ghorofa.

Sasa sikiliza, epidemisi inajengwa kinyume na nyumba zetu. Fundi mwashi huweka tofali jipya juu ya lililotangulia. Ngozi huweka jipya chini. Katika safu ya chini kabisa ya epidemisi kuna seli zinazogawanyika usiku na mchana, na kila seli inayozaliwa huzisukuma juu zilizoitangulia. Njiani seli hujijaza protini ngumu iitwayo keratini, ile ile inayofanya kucha, nywele na pembe za ng'ombe. Hushikana na jirani zake kwa vifungo vidogo vingi ambavyo chini ya hadubini huonekana kama miiba. Zikipanda zaidi hupoteza kiini chake, hubapa, hufa. Zinapofika juu ni vigae vikavu vilivyolaliana, katikati vimezibwa kwa mafuta ili maji ya mwili yasitoroke na uchafu wa nje usipenye. Kisha hubanduka. Tangu kuzaliwa chini hadi kuanguka juu ni safari ya yapata wiki nne.

"Kwa hiyo hapa ninapokushika pamekufa?" mpwa wangu akauliza, akinibonyeza mkono.

"Pamekufa. Na kidole chako unachobonyezea, juu yake pamekufa vilevile. Mimi na wewe hatujawahi kugusana pakiwa hai."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akajitazama kidole.

Rangi ya hina huipenda keratini. Majani yaliyosagwa na kukandwa kwa maji ya ndimu hutoa rangi inayoingia ndani ya vile vigae vilivyokufa na kushikamana navyo, na haishuki zaidi ya hapo. Ndiyo maana hukolea viganjani na nyayoni, ambako vigae vimerundikana kuliko popote mwilini, na mgongoni mwa mkono huwa nyepesi na hutoka mapema. Sabuni haiifui kwa sababu imeshika. Inaondoka kwa kuwa kigae chenyewe kinaanguka, kikiwa kimeibeba. Mpwa wangu ataiacha hina yake kidogo kidogo kwenye shuka, kwenye madaftari, kwenye vumbi la sebuleni. Ndiyo, katika vumbi tunalofagia kila asubuhi, sisi wenyewe tumo.

Ukishajua hilo, mambo mengi ya ngozi yanajieleza. Kila unapoona kitu kwenye ngozi, rangi, kidonda au ugonjwa, swali la kwanza ni hili: kiko ghorofa ya ngapi?

Sugu ya mkulima iko juu kabisa: ni vigae vilivyoongezwa kwa sababu mpini wa jembe unasugua kila siku. Lengelenge la mtu asiyezoea jembe liko chini kidogo. Msuguano umeachanisha tabaka za epidemisi kabla ya sugu kuota, na nafasi ile imejaa maji. Usilipasue. Sakafu ya chini bado nzima, seli zinaendelea kuzaliwa, na baada ya siku chache hutaona hata alama. Kuna pia ugonjwa uitwao soriasisi, ambao mwendo wa jengo zima umeharakishwa: kinga ya mwili inazisukuma seli zifike juu kwa siku chache tu badala ya wiki nne, hazijaiva, hazibanduki vizuri, zinarundikana kama magamba meupe kwenye viwiko na magoti. Hauambukizi. Mwanafunzi mwenye soriasisi unaweza kukaa naye dawati moja mwaka mzima.

Upele ndio hadithi ninayoipenda. Ukiwa na upele, ule unaowasha usiku mpaka hupati usingizi, hasa katikati ya vidole, viganjani karibu na kifundo na kiunoni, una wapangaji. Ni utitiri, vidudu vyenye miguu minane ambavyo jike wake mkubwa hana hata nusu milimita. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Kwa utitiri, vile vigae vya juu vya ngozi ni nchi nzima. Jike huchimba njia ndani yake, kama mtu anayepita chini ya mkeka, na kila siku hutaga mayai mawili au matatu huku akisonga mbele. Hana haja ya kushuka. Chakula kipo, paa lipo.

Kinachowasha si kutembea kwake. Ni mwili wako unapotambua mate yake, mayai yake na kinyesi chake na kuanza kupigana. Mara ya kwanza utambuzi huo unaweza kuchukua wiki nne hadi sita. Hapo ndipo penye mtego: kabla hujaanza kujikuna, tayari umelala na ndugu zako kitanda kimoja zaidi ya mwezi. Ndiyo maana mganga wa zahanati akikupa dawa ya kupaka, anataka nyumba nzima ipakwe siku moja, wanaowashwa na wasiowashwa, tangu shingoni hadi unyayoni, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Ukijipaka peke yako unawafukuza wapangaji chumbani huku mlango umeuacha wazi.

Ni nani aliyemgundua mdudu huyu? Vitabu huwataja Giovanni Cosimo Bonomo, daktari, na Diacinto Cestoni, muuza dawa, wa mji wa Livorno, Italia. Mwaka 1687 walimweka chini ya hadubini wakamchora, wakaandika kwamba upele unaletwa na mdudu. Lakini walianzaje kumtafuta? Walikuwa wamewaona wanawake wakiwatoa watoto wao upele kwa ncha ya sindano, wakitoa kitu cheupe kidogo na kukipasua kwenye kucha. Akina mama walikuwa wakijua. Madaktari wakubwa wa Ulaya hawakukubali. Kwao upele ulitokana na damu chafu, na wakaendelea hivyo karibu miaka mia moja na hamsini. Kuna daktari mmoja wa Paris aliyedai mwaka 1812 kwamba amempata mdudu, akachapisha na picha zake. Baadaye watu wakagundua kwamba mdudu wa pichani ni yule anayekaa kwenye jibini! Aibu ile iliwafanya wengi waseme basi, mdudu hayupo kabisa. Mpaka mwaka 1834, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Simon François Renucci aliposimama mbele ya maprofesa wake hospitalini Paris na kumtoa mdudu mwenyewe kwa sindano mbele ya macho yao. Alijifunza wapi? Kwao, kisiwani Corsica, kwa akina mama maskini.

"Si wangewauliza tu wale mama?" mpwa wangu akasema.

Nami nasema hivyo hivyo.

Wakati huo kaka yake, mkubwa kwake kwa miaka miwili, alikuwa mlangoni akijifanya anatafuta maji. Yeye alikuwa na la kwake: mapunye, mabaka ya mviringo kichwani yaliyokatika nywele. Mapunye na choa cha mwilini ni ukoo mmoja. Ni fangasi anayekula keratini. Akianza mahali hula, akimaliza pale husogea nje pande zote, na katikati panaanza kupona; kwa hiyo hufanya duara lenye ukingo uliovimba. Watu wengi huyaita mashilingi, kwa kufanana na sarafu. Choa cha mkononi kiko juu, kwenye vigae, na krimu ya kuua fangasi hukifikia. Huyu bwana mdogo alikuwa amepakwa krimu kichwani miezi miwili bila mafanikio. Kwa nini? Uliza ghorofa. Kichwani fangasi hufuata unywele, na unywele hauanzi juu. Shina lake limezama mpaka ndani ya demisi, ndani ya kishimo kama mche wa mpunga ndani ya tope. Krimu inabaki uwanjani, adui yuko kisimani. Dawa ya mapunye ni ya kumeza, ipite kwenye damu na kuingia kwenye unywele tangu unapooteshwa, na humezwa kwa wiki kadhaa. Tulipompeleka hospitali ndivyo alivyoandikiwa, na tukaambiwa tumkumbushe kinyozi kusafisha mashine yake.

Halafu kuna kosa moja linalofanywa kila mtaa. Mtu ana choa, anakwenda duka la dawa, anauziwa krimu yenye steroidi. Baada ya siku mbili kuwashwa kumeisha, wekundu umepungua, anasifu. Steroidi haijamuua fangasi, imemnyamazisha mlinzi. Fangasi anatanda kimyakimya, na siku krimu ikikatishwa, duara moja limekuwa matano.

Walinzi wenyewe wanakaa katikati ya epidemisi. Waligunduliwa na kijana wa miaka 21, mwanafunzi wa Berlin aitwaye Paul Langerhans, mwaka 1868. Aliloweka kipande cha ngozi kwenye chumvi ya dhahabu, akaona seli nyeusi zenye matawi zikiwa zimesimama kati ya seli za kawaida. Akadhani ni za neva. Ilipita karne nzima kabla haijafahamika kuwa ni askari doria wa kinga ya mwili: wanachukua sampuli ya kila kitu kigeni kinachopenya vigae, wanaibeba mpaka kwenye tezi za kinga, na huko kitu hicho kinakaririwa sura.

Nawajua askari hawa kwa uchungu. Niliwahi kupakwa piko, ile rangi nyeusi kama wino, kwenye harusi ya rafiki. Haikunifanya kitu. Mwaka uliofuata nikapakwa tena, safari hii kwa harusi yangu mwenyewe. Siku ya pili nikaanza kuwashwa, na siku ya tatu maua yangu yote yaliinuka. Sisemi kwa mafumbo: kila ua, kila jani na kila kikonyo kiligeuka lengelenge, kwa umbo lile lile la mchoro. Fungate nililikaa nikiwa nimefungwa bendeji. Piko ina kemikali ya rangi za nywele, PPD kwa kifupi, ambayo ni ndogo mno na hupenya vigae. Mara ya kwanza askari waliikariri tu. Mara ya pili waliijua. Hina halisi haiwi nyeusi ti. Ukiona fundi anakuambia hii ni hina na rangi yake ni ya lami, rudisha mkono wako. Mpaka leo siwezi kutia nywele rangi, kwa kuwa askari wale hawasahau.

Tushuke sakafu ya chini ya epidemisi, pale seli zinapozaliwa. Hapo pana mafundi wengine waitwao melanositi. Umbo lao ni la pweza: kiwiliwili kidogo, mikono mingi. Kila mmoja huhudumia seli jirani thelathini na zaidi, akizipelekea kwa mikono ile vifurushi vya rangi iitwayo melanini. Seli inayopokea haivitupi ovyo. Huvikusanya upande wa juu wa kiini chake, kama mtu aliyefungua mwavuli, kwa kuwa kiini ndicho kilichohifadhi maelekezo yote ya seli, na miale ya jua ndiyo huyaharibu.

Mpwa wangu aliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba mtu mweusi ana mafundi hawa wengi na Mzungu ana wachache. Sivyo. Idadi yao inakaribiana sana kwa watu wote duniani. Tofauti iko kwenye vifurushi: kwa mtu mweusi ni vikubwa, vinatawanyika kimoja kimoja na kudumu mpaka juu, kwa Mzungu ni vidogo, vinafungwa makundi na kuvunjwa mapema. Mafundi ni wale wale, mzigo tu ndio tofauti.

Mtu mwenye ualbino naye ana mafundi hao hao, wamekaa mahali pao. Kiwandani kwao kuna hatua moja isiyofanya kazi, rangi haitoki au hutoka kidogo sana. Amerithi hali hiyo kwa baba na mama wote wawili, ambao mara nyingi wao wenyewe hawana ualbino. Kiini cha kila seli yake kiko juani bila mwavuli, hivyo saratani ya ngozi humwandama mapema, na macho yake, ambayo pia yalihitaji melanini, hayaoni mbali vizuri. Tanzania ina watu wengi wenye ualbino kuliko nchi nyingi. Hukadiriwa kuwa kama mtu mmoja kati ya 1,400. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na ndiko hutengenezwa Kilisun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Hiyo losheni, kofia pana na shati la mikono mirefu ndio mwavuli wa kununua. Tena lazima niseme, maana wewe ni mdogo lakini utasikia: watu wenye ualbino wameuawa nchini humu kwa uongo kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mimi nimekueleza kinachoonekana kwenye hadubini. Ni hatua moja ya kutengeneza rangi, basi.

Mbalanga ni jambo jingine. Pale fundi mwenyewe anashambuliwa na kinga ya mwili na kutoweka, ngozi inabaki na mabaka meupe yenye mipaka. Nayo haiambukizi. Kisha kuna wanaowashambulia mafundi wao kwa kupenda, na hao ni watumiaji wa mkorogo wa kujichubua. Haidrokwinoni iliyomo humzuia fundi asitengeneze rangi, na steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana. Zebaki, ikiwemo, haiishii kwenye ngozi. Huenda mpaka kwenye figo. Wapo waliotumia miaka mingi wakaishia na madoa ya bluu nyeusi mashavuni, meusi kuliko rangi waliyoikimbia, na jua la saa sita halina wa kuwakinga. Nilimwambia mpwa wangu haya polepole kwa sababu nilijua ni nani kati ya jamaa zetu alikuwa chumba cha pili.

Chini ya hapo ni demisi. Huko kuna nyuzi za kolajeni zilizosukwa huku na huko kama ukili wa mkeka, ndiyo maana ukivuta ngozi haichaniki kirahisi. Kuna tezi za jasho milioni kadhaa. Kuna tezi za mafuta pembeni mwa kila shina la unywele, ambazo miili yenu ikianza kubalehe zitafanya kazi kupita kiasi, kishimo kitaziba, bakteria watafurahi, na utaamka na chunusi siku ya mtihani. Ukiiminya, unaipasua kwa ndani. Kuna vimisuli vidogo vinavyovuta malaika wa mwili, yale manyoya laini, na kukutoa kimbimbi ukisikia baridi au hofu. Kuna neva za kuhisi. Ukiona baka lililopauka ambalo hata ukiligusa kwa unyoya halihisi, usisubiri, nenda hospitali: kijidudu cha ukoma hukaa ndani ya neva, na dawa zake hutolewa bure na huponya kabisa zikiwahi.

Moto nao huulizwa ghorofa. Ukichomwa na maji ya chai, ngozi ikawa nyekundu tu, moto umeishia juu. Likitoka lengelenge na maumivu makali, umegusa demisi. Na jeraha la moto linalotisha kuliko yote ni lile lisilouma, lililopauka na kukakamaa, kwa sababu neva zenyewe zimeungua. Kwa vyovyote vile, la kwanza ni maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si unga. Nimeona mtoto aliyepakwa vyote vitatu, na nesi akalazimika kumbandua kama anayemenya kiazi.

"Sasa kovu langu," mpwa wangu akanikumbusha. Hakuwa amesahau.

Kovu lake liko demisi. Sindano ya BCG haichomwi kwenye msuli. Mchomaji huilaza karibu sambamba na ngozi ili dawa iishie pale pale, kipele kidogo kivimbe. Hufanyika hivyo makusudi, kwa kuwa ngozi ina walinzi wengi, na walinzi ndio wanaotakiwa kufundishwa. Wiki kadhaa baadaye kipele hugeuka kidonda kidogo, kisha hupona. Lakini demisi haina ngazi za kupanda kama epidemisi, hakuna kinachosukumwa juu kikaanguke. Ikiharibika inazibwa kwa haraka: kolajeni hulazwa upande mmoja kama makuti kwenye paa, haisukwi tena kama ukili. Hapo hapaoti unywele, hapatoki jasho. Kiraka hicho ndicho kovu. Kwa watu wengine, hasa weusi, fundi wa viraka hajui kuacha, na tundu la hereni linaota donge kubwa kuliko jeraha lenyewe. Hiyo ni keloidi. Nembo za wazee wa Kimakonde nazo zinakaa huko. Walichanjwa, kisha wakasuguliwa masizi kwenye chale, na chembe za masizi zikamezwa na seli za ulinzi ambazo haziwezi kuzimeng'enya. Seli ikifa, ya jirani huzimeza chembe zile zile. Hivyo nembo ya bibi aliyechanjwa akiwa kigori bado ipo usoni, ikipokezanwa.

Mpwa wangu alinyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na za kucha?"

Kucha zake pia zilikuwa na hina, nyekundu kama zabibu. Kucha ni keratini tupu, nikamwambia, tena iliyobanwa ikawa ubao. Haina vigae vya kuanguka. Inaoteshwa kwenye shina lake chini ya ngozi na kusukumwa mbele, kama milimita tatu kwa mwezi. Hina iliyoingia humo haiendi juu, inakwenda mbele.

Viganja vilirudi kuwa vyeupe kabla mwezi haujaisha. Alivichunguza kila asubuhi na kunipa taarifa. Kwenye kucha aliona mstari mweupe umetokea chini, karibu na ngozi, ukipanda taratibu, na hina ikisogezwa nje. Kila Ijumaa mama yake alipotoa wembe wa kumkatia kucha, alimsihi asikate kile cha kidole gumba. Miezi minne baada ya harusi alinitumia picha kwa simu ya baba yake: kidole gumba kimoja, na nchani mwa kucha, mwezi mwembamba wa rangi ya machungwa.